Bei Kabla ya Salamu

Mtu wa kwanza kuniuliza bei ya asali mtandaoni nilimgombeza. Aliandika neno moja tu, "Bei?", na mimi nikamjibu, "Hata salamu hujui? Umelelewa wapi?" Nilituma nikiwa nimesimama, kwa sababu miezi ile kukaa nilikuwa siwezi kwa wasiwasi, nikabaki naikodolea macho simu nikisubiri aombe radhi. Hakuomba. Alinifungia nisimwone tena, na mteja wangu wa kwanza akawa amekwenda hivyo.

"Unauza asali au unauza ugomvi?" aliniuliza jirani yangu nilipomsimulia. Jirani huyu alikuwa mama wa duka la vitenge, kwao Tanga, aliyeolewa Kasulu na kuzeekea hapo. Mlango wake ulitazamana na kibanda changu cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi, na hakuna jambo lililopita kati yetu bila yeye kulitia neno.

"Nauza asali," nikasema. "Adabu siiuzi."

"Basi hiyo adabu utaila na mkate, mwanangu."

Nilimkasirikia siku nzima. Kibaya zaidi, alikuwa akicheka.

Asiyetoka kwetu naomba anivumilie nieleze kidogo. Mimi ni Muha wa upande wa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, na kwetu salamu si kitu cha kupitia juu juu. Unaweka chini ulichobeba, unapiga makofi polepole kwa mikono yote miwili, unasema mwakeye, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza shamba. Mwenzio anaitikia na kukuuliza vilevile. Hapo ndipo mnaanza kulitafuta neno lililokuleta. Ukikutana na mkubwa wako nawe umeshika jembe, unalilaza kwanza. Baba yangu aliwahi kumnyima asali mfanyabiashara mzima aliyekuja na gari, kisa alishusha kioo akauliza, "Mzee, asali ipo?" Gari likaondoka tupu, na baba akarudi kwenye kigoda chake kama vile aliyepita alikuwa mbuzi. Mimi ni mtoto wa mtu huyo.

Na asali yenyewe niliyokuwa naihangaikia ilikuwa yake. Baba alikuwa na mizinga ya magogo, ameitundika kwenye kipande cha msitu wa miyombo alichoachiwa na babu. Asali yake ilikuwa nyeusi, nzito, na mwishoni, ukishameza, inaacha uchungu kidogo kooni. Mavuno ya mwaka ule wa 2014 yalikuwa mengi, madumu yalijaa chumba alichokuwa analala marehemu mama, lakini mnunuzi wa maana hakuwepo. Wachuuzi walikuja, wakataja bei za kumdhihaki mtu, baba akawapungia mkono waende.

Kaka yangu alikuwa analima tumbaku. Tumbaku inataka shamba jipya kila mara, na inataka kuni nyingi za bani, lile jengo la kukaushia majani, kwa hiyo kaka alikuwa anauona ule msitu kwa macho mengine. Nisimsingizie lakini kwamba ilikuwa tamaa tupu. Msimu uliotangulia baba alianguka kutoka mtini akitoa asali, goti likavunjika, akazimia, na kaka ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, akamfikisha hospitali Kibondo. Baba alipopata nafuu alishika fimbo mkono mmoja, kamba mkono wa pili, akapanda tena. Kaka nusura alie.

"Unapandia nini?" alimuuliza baba mbele yangu. "Asali yenyewe imeoza chumbani."

"Asali haiozi," baba akasema.

"Basi imekaa! Imekaa tu, baba! Miti ile itakuua, na utakuwa umekufa kwa kitu ambacho hakuna anayekitaka."

Walibishana mpaka baba akatoa neno. Alisema mvua ya kwanza ikinyesha huku asali ile ingali ndani ya nyumba, kaka auchukue msitu aufyeke. Ikiwa imetoka yote, asimuulize tena habari za miti hadi siku ya kumzika. Baba akishatoa neno harudi nyuma, na sote tulijua. Na mimi, mdomo wangu huu, nikadakia, "Nitaiuza mimi. Nitaiuza mtandaoni." Kaka alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilirudi Kasulu roho juu juu. Kilikuwa kiangazi, vumbi limepanda mpaka kwenye majani ya migomba, mbingu nyeupe kabisa, lakini mimi kila nikitoka kibandani nilitazama juu kama mtu anayedaiwa na mawingu. Mtandao nilikuwa naujua wa kuwatumia watu barua za maombi ya kazi na kutazama matokeo ya mitihani. Kuuza nilikuwa sijui. Basi nilipoona tangazo la semina ya biashara za mtandaoni kwenye ukumbi mmoja wa pale mjini, nilifunga kibanda nikaenda, nikakaa kiti cha mbele kabisa.

Mwalimu wa semina alikuwa kijana aliyetoka Dar, kiatu chake kirefu kimechongoka mbele, na kila baada ya sentensi mbili alisema, "Changamkeni, fursa ndiyo hii!" Alitufundisha kwamba picha iwe ya kumvuta mtu. Bei usiitaje kamwe, mwambie mteja aje inboksi. Tangazo lako libandike kwenye kila kundi unaloliona. Na wafuasi ndio kila kitu, asiye na wafuasi hana duka. Tulimpigia makofi. Kabla hajapanda gari akatuuzia na hao wafuasi wenyewe, na sisi tukanunua kama wanaonunua mbegu.

Loo! Wafuasi wangu walifika kwa mkupuo, umati, nikapiga kelele ya furaha mpaka jirani akavuka barabara kuja kuona. Akavaa miwani yake, akaanza kushuka nao. Majina yalikuwa yameandikwa kwa herufi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuziona. Picha nyingine ilikuwa ya ua, nyingine ya gari, nyingine ya paka.

"Hawa watu wako," jirani akasema, "wanajua Kumsenga iko wapi?"

Niliweka tangazo langu nikasubiri. Nilisubiri huku natembea, kutoka mashine ya kopi hadi mlangoni, mlangoni hadi kwenye mashine. Umati ule haukusema kitu.

Tangazo lenyewe sasa. Nimelelewa nisianze na haja yangu, kwa hiyo nilianza na salamu. Niliwasalimia akina baba, akina mama, vijana, wagonjwa, walio safarini, nikauliza habari za mashamba na za watoto waliofunga shule. Salamu zilijaza kioo chote cha simu. Asali ilikuwa huko chini, nyuma ya yale maneno ya kukuambia bonyeza usome zaidi, na nani wa kubonyeza? Bei sikuitaja, nilishaambiwa. Picha niliichukua huko huko mtandaoni: chupa ya kioo, asali ya rangi ya dhahabu inamiminika, nyuma yake maua meupe. Nikaibandika kwenye kila kundi, kundi la magari, kundi la sare za harusi, kundi la wafuga kuku. Walinifukuza moja baada ya jingine. Kwenye kundi la wanaotafuta wachumba mwanamume mmoja aliniuliza kama nimeolewa, na yeye angalau alisalimia kwanza.

Wachache waliovutwa na ile picha walikuja inboksi kama nilivyowaita. "Bei?" "Bei gani?" "Sh ngapi?" Mwingine aliweka alama ya kuuliza peke yake, hata neno hakutia. Jamani, damu ilinichemka! Huyo wa kwanza nimeshamsema. Wa pili nilimwuliza kama mama yake yuko hai na kama anajua mwanawe anaongea hivi na watu. Wa tatu nilimsalimia kwa kirefu ili ajifunze, akajibu, "Dada, nimeuliza bei." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwafukuza wanunuzi wa asali ya baba yangu mwenyewe, na jioni nalala na uchungu kwamba dunia haina adabu na msitu wetu unakwenda.

Mmoja alivumilia yote. Alikuwa mama wa Mwanza, alinunua, nikamtumia chupa kwa basi, nikacheza peke yangu kibandani. Siku chache baadaye akabandika picha ya chupa yangu mbele ya watu wote. Aliandika kwamba alionyeshwa asali akaletewa molasi, kwamba watu wa Kigoma ni matapeli, na watu wajihadhari. Chini yake wengine wakaongeza ya kwao, watu ambao hata hawajawahi kuniona. Na mimi jina la ukurasa nilikuwa nimeliita Asali ya Mzee wa Kumsenga. Nililia kwa hasira, halafu nikalia kwa aibu, halafu nikataka kumjibu. Jirani akaninyang'anya simu akaitia kwenye droo yake ya vitenge.

Habari zilimfikia baba kupitia kwa kaka, sijui nani alimwonyesha. Nilipokwenda kuwatazama, kaka alikuwa kimya kwa namna ya mtu aliyeshinda. Baba alinisalimia kwa ukamilifu wake wote, hakupunguza hata mtoto mmoja wala ng'ombe mmoja, halafu ndiyo akauliza.

"Huyo mama ulimwonyesha asali ya nani?"

"Picha tu, baba. Ya huko mtandaoni."

"Ya nani?"

"Sijui ya nani."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo alinunua asali ya mtu mwingine, wewe ukampa ya kwangu. Ningekuwa mimi ningelalamika vilevile."

Hakugomba zaidi ya hapo. Heri angegomba.

Nilirudi Kasulu nikamrudishia yule mama hela yake na kumwomba radhi hapohapo mbele ya watu aliponisemea. Halafu nikakaa dukani kwa jirani, kwenye mabunda yake ya vitenge, nikamwambia nimeshindwa, na mvua hiyo inakuja, na kaka ameshanoa shoka. Nilisema vyote hivyo nikisimama na kukaa, nikisimama na kukaa, mpaka akaniambia nitamchania kitambaa.

"Hebu nikuulize," akasema. "Mimi mtu akija hapa akagusa kitenge akasema 'hiki bei gani', namfukuza?"

"Huyo umemwona uso. Ameingia mlangoni."

"Na huyo wa kwenye simu ameingia mlango gani? Yuko kwenye foleni, mtoto analia, chaji inakwisha. Huko mjini, mwanangu, mtu akikuuliza bei ndiyo kakusalimia. Wewe mwitikie tu. Na huyo aliyekuambia ufiche bei, wallahi, mwulize yeye viatu vile alivinunua bila kuambiwa bei?"

Nilitaka kubisha. Lakini nilikumbuka wale wote walioandika "Bei?" na ghafla niliwaona wamesimama mlangoni pangu mikono mitupu, wakipiga makofi kwa namna yao, na mimi nimewafungia. Nilijisikia vibaya kweli kweli.

Siku hiyohiyo nilifuta kila kitu. Nilifuta ukurasa wenye umati wa paka na maua, nikaanza mwingine usio na mtu. Nilimimina asali ya baba kwenye glasi ya chai ya jirani, nikaiweka juu ya kaunta yake palipo na mwanga wa asubuhi, nikapiga picha. Ilionekana nyeusi, kwa sababu ni nyeusi. Mstari wa kwanza niliandika kwamba hii ni asali ya miyombo ya baba yangu, Kumsenga, Kibondo. Wa pili niliandika bei. Wa tatu niliandika kwamba inaacha uchungu kidogo kooni, na asiyeupenda asinunue, nisije nikaitwa tapeli tena. Salamu niliziweka mwisho, fupi, nikijiona kama ninayemkosea mtu mzima. Kwenye makundi sikuibandika popote.

Halafu nikasubiri, na kusubiri huko ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa naamka na simu, nachapa barua za watu nikikosea tarehe, naitazama simu, natoka nje naitazama mbingu. Mawingu ya kwanza yalianza kujikusanya upande wa Burundi, madogo, ya kuchokoza tu. Umeme ukikatika na simu ikizima nilihisi kama nimezibwa pua. Akitokea mtu akaniandikia "Bei?" nilivuta pumzi, nikajiambia, "Amesalimia," nikamjibu bei. Wengine walinunua chupa moja, wengine walipotea. Kwa mwendo ule asali ingetoka ndani baada ya miaka.

Ndipo asubuhi moja likaja neno lililonifanya nimwache mteja wa kopi amesimama. Liliandikwa, "Mwakeye." Likafuata jingine: "Watoto hawajambo? Mzee goti lake limekaaje?"

Alikuwa nesi. Alimwuguza baba alipovunjika goti, na baadaye akahamishiwa kwao Iringa. Akaniambia ile picha yangu ya zamani ya asali ya dhahabu aliiona mara nyingi na kuipita, jina hata hakulisoma. Hii nyeusi ilipomfikia kupitia kwa mteja wangu mmoja, aliitambua kuwa ni ileile aliyopewa na baba siku ya kutoka wodini, mate yakamjaa mdomoni. "Dada," aliandika, "huku asali ipo, lakini haina ule uchungu. Sisi tuliohama huko tunautafuta."

Sisi tuliohama! Nilikuwa nimehangaika kuiuzia nchi nzima, watu wasioijua, nikiwabembeleza waipende asali wasiyoizoea, kumbe wapo watu waliokwisha kuipenda. Walimu, manesi, maofisa wa kilimo, mahakimu, serikali inawaleta kwetu kutoka kila mkoa, wanalalamika vumbi na baridi, wanajifunza kusalimia, wanaionja asali, halafu wanahamishwa wanakwenda nayo kichwani. Walikuwa na kundi lao la simu, waliofanya kazi Kibondo na Kasulu, na yule nesi akaniingiza. Niliweka picha ileile na bei ileile. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Walitaka dumu, si chupa. Mwalimu mmoja alitaka madumu ya ukoo wake mzima. Mchana ule asali yote ya baba ilikuwa imepata mwenyewe, na walioikosa walikuwa wananilaumu. Nilivuka barabara mbio nikamkumbatia jirani yangu mbele ya wateja wake, yeye na kitambi chake.

Kilichobaki kilikuwa kuitoa ndani. Nikapanga gari dogo lije kuichukua nyumbani kuipeleka stendi, nami nikatangulia kwenda kumwambia baba. Nilifika alasiri, na salamu zilipokwisha nikamwaga habari zote kwa mkupuo. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Hao watu wametusalimia?" akauliza.

"Baba! Wamenunua!"

"Nimekuuliza wametusalimia. Siwezi kumpa mtu asali ambaye hata sauti yake siijui."

Nilitaka kupiga yowe. Nilizunguka ua mzima, nikampita mbuzi, nikampita kuku, nikarudi. Kisha nikamwambia haya, tuwasalimie basi. Mtandao pale kwetu ulikuwa unashika juu ya kichuguu nyuma ya zizi tu, kwa hiyo nilimshika mkono yeye na fimbo yake, tukapanda, nikamwonyesha pa kusemea.

"Nimsalimie mtu simwoni?"

"Wanakuona wao, baba. Wanakukumbuka."

Alikohoa, akanyoosha kanzu yake kana kwamba wanamtazama, akaanza. Aliwauliza watoto. Aliwauliza mashamba, wengine wanaishi ghorofani. Aliwauliza ng'ombe, kila mmoja na ng'ombe wake. Alizungumza mpaka chaji ilipungua, na mimi nimemshikia simu mdomoni, mkono unaniuma, jua linazama, nikisema moyoni, baba, maliza, baba, maliza. Alipomaliza nikatuma. Mshale ulizunguka na kuzunguka, hatimaye ukaenda.

Alfajiri niliamshwa na mvua. Ilipiga bati la nyumba bila kubisha hodi, mvua nzito ya kweli, kabla ya wakati wake kabisa. Nilibaki nimelala nimekodoa macho gizani, na upande wa pili wa ukuta wa udongo nilijua madumu yapo, yamejaa, kila moja na mwenyewe aliyekwisha kulilipia, yote ndani. Gari lingekuja saa nne.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika. Baba alikuwa ameshatoka. Nilimkuta juu ya kichuguu, ameishika simu yangu kwa mikono miwili kama bakuli la uji, fimbo ameikumbatia kwapani, na simu inasema. Walikuwa wamejibu. Sauti za watu wa Iringa, wa Moshi, wa Mtwara, Kiha chao kimeota kutu, wengine wanacheka wenyewe wakikosea, lakini wanasalimia, mmoja baada ya mwingine, hawaruki kitu. Mwakeye, mzee. Mwakeye. Mvua huko imefika? Na baba anaitikia kila mmoja kwa sauti, ijapokuwa hawamsikii.

Kaka alitokea upande wa zizi. Mabega yalikuwa yamelowa, na shoka mkononi.

"Baba," akasema, "mvua imenyesha."

Baba aliinua kiganja. "Nasalimiwa."

Hata kaka, kwa hasira zake zote, hawezi kukatiza mtu anayesalimiwa. Akasimama chini ya kichuguu akingoja, na sauti hazikwisha. Ilimalizika moja ikaanza nyingine. Mimi nilikuwa sijui nimtazame nani. Halafu ikaja sauti ya nesi. Alimsalimia baba, akauliza goti, halafu akasema, "Na yule kijana wako aliyekuleta mgongoni? Yule aliyekaa sakafuni wodini akakataa kula mpaka ulipofumbua macho. Hajambo? Mpe mwakeye yangu."

Baba alimnyooshea kaka simu. "Umesalimiwa."

Kaka aliitazama ile simu. Akatazama mkono wake. Kisha akainama, akalilaza shoka kwenye matope, akapiga makofi kwa mikono miwili, polepole, kama tulivyofundishwa. "Mwakeye, dada," aliiambia simu.

Majani yalikuwa yanadondosha maji.

"Asali ipo ndani," kaka akasema.

"Ipo," baba akasema.

"Imeshanunuliwa!" nikapayuka. "Yote! Gari linakuja saa nne!"

"Nyamaza, mama," baba akaniambia. "Nilisema ikiwa ndani. Iko ndani." Akamgeukia kaka. "Neno ni lako. Msitu chukua."

Kaka hakuliokota shoka. Aliutazama msitu, juu kule mizinga ilikotundikwa, ikiwa myeusi kwa maji. Aliutazama muda mrefu.

"Miti naiacha," akasema. "Na madumu nitayabeba mimi mpaka kwenye gari."

Baba yangu, aliyewahi kumfukuza mtu mwenye gari kwa kukosa salamu, alimwangalia mwanawe usoni akauliza neno moja tu.

"Bei?"

"Hupandi tena," kaka akasema. "Nitapanda mimi. Wewe utakaa chini, unanielekeza."

Baba aligeuka kuitazama miti yake.

"Ghali," akasema.

Halafu akailaza fimbo yake chini, akashuka kwenye kichuguu akichechemea, akampa kaka mikono yote miwili.